Intaneti ya nyumbani inasumbua: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu laini, waifai na spidi

Haya ni maswali yanayorudi rudi kila wiki, kutoka kwa watu wa faiba, wa ruta za laini ya simu (4G na 5G) na wale wachache ambao bado wako kwenye waya wa shaba. Kama una haraka soma swali la pili tu halafu rukia sehemu inayokuhusu, maana bila lile swali la pili mengine yote ni kubahatisha.

## Ya kuanzia

Nimelipia Mbps 20, mbona nikishusha faili naona 2.5 tu? Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kampuni zinauza kwa megabiti kwa sekunde (ndio hiyo Mbps), ila kompyuta ikishusha faili inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 20 gawa kwa 8 unapata hiyo 2.5 na laini yako iko vizuri kabisa. Hata ukiona 2.2 au 2.3 usigombane na mtu, kuna kipande kinaliwa na taarifa za kusafirishia data yenyewe. Ukiona 0.6 siku nzima, hapo sasa tuongee.

Nitajuaje kama tatizo ni waifai au ni laini?

Hili ndio swali kubwa kuliko yote. Watu wengi wanaosema "mtandao mbovu" laini yao ni nzima, kinachowaangusha ni waifai ya ndani ya nyumba, na fundi akija anapima kwenye ruta anakuta safi anaondoka na ninyi mnabaki mnamlaani.

Fanya hivi: chukua laptopu na kebo ya mtandao, chomeka moja kwa moja kwenye tundu la LAN la ruta, zima waifai ya laptopu, waambie watoto waache YouTube kwa dakika tano, halafu pima spidi. Rudia asubuhi, mchana na saa 3 usiku, na kila ukipima piga picha ya skrini, zitakusaidia baadaye. Laptopu nyingi mpya hazina tundu la kebo lakini vipo viadapta vya USB, sio ghali. Ukikosa kabisa, tumia simu ukiwa umesimama mita mbili kutoka kwenye ruta, kwenye mtandao wa GHz 5 (waifai ina masafa mawili, 2.4 na 5, maelezo yako chini). Sio sawa na kebo ila inakaribia.

Ukishapata majibu: kebo safi na waifai mbovu, nenda sehemu ya waifai. Kebo mbovu muda wote, nenda sehemu ya laini. Kebo safi mchana ila usiku inakufa, soma swali la saa 2 usiku.

Kipimo cha spidi kinaonyesha safi ila tovuti zinazunguka tu, kwa nini?

Kwa sababu kile kipimo mara nyingi kinachagua seva iliyo karibu, kama uko Dar basi iko hapo hapo Dar, wakati mwingine ndani ya mtandao wa kampuni yako mwenyewe. YouTube nayo ina nakala za video kwenye seva za huku huku, ndio maana inacheza vizuri hata siku ambayo mambo mengine yamelala. Tovuti ambayo seva yake iko Ulaya lazima ipite kebo ya baharini. Kwa hiyo kwenye kipimo badilisha seva kwa mkono, chagua ya London au Frankfurt, ndio utaona ukweli mwingine.

Mbps ngapi zinatosha?

Chache kuliko unavyouziwa. Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K, Zoom inaridhika na 3 au 4. Nyumba ya watu watano, Mbps 20 inayotulia ni bora kuliko 60 inayokata kata. Uliza pia spidi ya kupandisha, maana kuna vifurushi vinatangaza namba kubwa ya kushusha tu, na ukiwa na kamera za ulinzi zinazotuma picha nje utajuta.

## Waifai ndani ya nyumba

Ruta niiweke wapi?

Sio pale fundi alipoiacha. Fundi anaiacha pale waya ulipoingilia, yaani karibu na dirisha la sebuleni, na familia inaiona mbaya inaisukumia nyuma ya TV au ndani ya kabati. Nusu ya mawimbi yanaenda kwa jirani na nusu yanapigwa na TV.

Itoe, iweke katikati ya nyumba, juu kidogo, kama usawa wa kichwa au juu ya kabati la vyombo, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji. Maji yanameza mawimbi vibaya sana, nimeona nyumba ambayo chumba kimoja tu kilikuwa hakipati kitu, kumbe kati yake na ruta kuna simtanki la lita 1000 limewekwa koridoni, siku limejaa waifai hakuna, siku maji yamekatika waifai ipo. Mikroweva nayo inavuruga GHz 2.4 ikiwa inafanya kazi.

Ukuta wa tofali za saruji unapitisha kiasi, zege lenye nondo la ghorofani linakata sana, na zile nyumba za mawe za Mji Mkongwe Zanzibar au Mombasa usijidanganye, kuta ni nene mno, kila chumba kinataka chanzo chake. Antena za ruta zikiwa zimesimama zinasambaza kwa upana, sio juu na chini, kwa hiyo nyumba ya ghorofa laza antena moja.

GHz 2.4 na GHz 5, nitumie ipi?

5 ukiwa chumba kimoja na ruta au cha jirani yake, 2.4 ukiwa mbali. Ya 5 ina kasi ila ukuta unaiua, ya 2.4 inafika mbali ila imejaa watu. TV na laptopu ya kazi weka kwenye 5, kamera, swichi za taa na simu za zamani ziache 2.4. Ruta nyingi zinaunganisha zote kwa jina moja na simu inajichagulia yenyewe, na mara nyingi inachagua vibaya, hivyo mimi nazitenganisha majina.

Naishi apatimenti, naona waifai za majirani kama 30. Nifanyeje?

Kwenye 2.4 chaneli ambazo hazikanyagani ni tatu tu: 1, 6 na 11. Shusha programu ya kuangalia waifai kwenye simu ya Android, ona ipi ina watu wachache, ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague hiyo, na upana weka MHz 20, sio 40. Watu wanaweka chaneli 3 au 4 wakidhani wamejificha, kumbe hapo unapigwa na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Baada ya hapo hamishia vitu muhimu kwenye GHz 5 ambako kuna nafasi zaidi, na bahati nzuri hapo ukuta ule ule unaokusumbua ndio unakukinga na majirani.

Ninunue ekstenda?

Kama ni ya bei poa inayopokea na kurusha kwa masafa yale yale, spidi inakatika karibu nusu, maana redio moja inasikiliza na kuongea kwa zamu. Na wengi wanaiweka kwenye chumba chenye waifai mbovu, sasa itarudia ubovu huo huo kwa sauti kubwa. Iweke katikati ya njia, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu.

Ukiuliza mimi, vuta kebo. Kebo moja kutoka kwenye ruta mpaka chumba cha nyuma au ghorofani, mwisho wake weka ruta ya zamani iliyogeuzwa kuwa kituo cha waifai (zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani, ipe anwani tofauti na ruta kubwa), umemaliza kwa hela ndogo. Meshi, yaani ruta kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ni nzuri lakini nayo inafanya vizuri zaidi ikiunganishwa kwa kebo.

Kwa kebo nimegota Mbps 94, haizidi hata nikipandisha kifurushi. Laini mbovu?

Namba hiyo ikikwama kati ya 93 na 95 kila saa, sio laini, ni kebo au tundu. Kiungo kimeshuka kwenda Mbps 100. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya ndani ya kebo, jozi moja ikikatika au kichwa kikiwa kimebanwa vibaya inarudi kwenye jozi mbili. Angalia kichwa kwenye mwanga, waya 8 zote zifike mwisho wa plastiki, ukiona mmoja umebaki nyuma hata kwa milimita mbili kata ubane upya. Halafu madukani kuna kebo nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, zinavunjika ovyo ukizikunja, kwangua waya kwa kisu, ukiona ndani nyeupe iache hapo hapo. Na ruta nyingine za bure za kampuni zina matundu ya Mbps 100 tu, hapo hakuna dawa zaidi ya kubadilisha ruta.

Nahisi kuna mtu anatumia waifai yangu.

Ingia kwenye ruta uangalie orodha ya vifaa. Badilisha paswedi, zima WPS (ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe), na badilisha pia paswedi ya kuingilia kwenye ruta yenyewe kama bado ni "admin". Mara nyingi sio mdukuzi, ni mtoto wako kawapa wenzake.

## Laini yenyewe: faiba

Taa ya LOS inawaka nyekundu, nizime na kuwasha?

Zima uwashe mara moja basi. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa chako, hata ukiwasha mara mia hautafika. Kagua kile kiwaya chembamba cha faiba: kimekunjwa kwenye kona kali? Kimebanwa na mguu wa kochi? Panya wamepita? Kioo hakipendi kona, kikunjo kikali kinavujisha mwanga hata kama waya haujakatika. Kama kimelegea kwenye tundu, sukuma mpaka kilie. Usichungulie ndani ya ncha, ile leza haionekani kwa macho lakini ipo. Isipokubali, piga simu huduma kwa wateja, tena sema "LOS inawaka nyekundu", usiseme "mtandao hamna", watakupangia fundi moja kwa moja badala ya kukuzungusha na maswali.

Taa ziko sawa ila spidi mbovu na inakata. Naweza kujipima?

Ndio, ingia kwenye ukurasa wa kifaa cha faiba tafuta nguvu ya mwanga unaopokelewa, imeandikwa kwa dBm na ni namba hasi. Kati ya -15 na -25 umekaa vizuri. Ukikaribia -27 uko ukingoni, vifaa vingi vya nyumbani vinaanza kupoteza data hapo, na ukumbuke kila 3 inayopungua ni nusu ya mwanga imepotea, kwa hiyo -22 kwenda -28 sio mabadiliko madogo, imebaki robo.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa macho: rangi ya vichwa. Kichwa cha kijani kinaingia kwenye tundu la kijani, cha bluu kwa bluu. Kijani kimekatwa mshazari, ukikilazimisha kwenye cha bluu vioo havigusani sawasawa na mwanga unapotea. Mafundi wa haraka haraka wanafanya hivyo na inafanya kazi siku ya kwanza, shida zinaanza baadaye.

Mbona mvua ikinyesha faiba inakata? Si wanasema haiathiriwi na maji?

Kioo hakiathiriwi, vilivyokizunguka vinaathirika. Boksi la juu ya nguzo limefungwa vibaya maji na uchafu vinaingia kwenye maungio, upepo unayumbisha waya wa kuingia kwako unavutika, na umeme ukikatika vifaa vya kampuni vya mtaani kwenu vinategemea betri ambazo labda zimechoka. Andika zile dBm siku ya jua na siku ya mvua, ukimpa fundi hizo namba mbili hana pa kukimbilia.

## Laini ya shaba

Bado niko kwenye laini ya simu ya zamani, kuna cha kuokoa?

Kipo, ila umbali hautaubadilisha. ADSL2+, yaani intaneti ya kwenye waya wa simu, inafika Mbps 24 ukiwa karibu kabisa na kituo cha simu, na ukiwa kilomita nne au tano unashukuru ukipata 1 au 2. Kwenye modemu tafuta namba mbili. Ya kwanza ni upotevu wa mawimbi njiani kwa dB, inakua kwa takriban 14 kila kilomita, hiyo ni jiografia tu. Ya pili ni akiba juu ya kelele, nayo ikiwa chini ya dB 6 laini itakata kata, juu ya 10 inatulia. Hiyo ya pili ndio unaweza kuipigania.

Anza na simu ya mezani: inua mkono wa simu, bonyeza namba moja mlio upotee, sikiliza. Ukisikia mkwaruzo kuna kiungo kimeoza, na sisi wa pwani chumvi ya bahari inakula shaba mapema sana, masika yakianza ndio kabisa. Ripoti kama kelele kwenye simu. Halafu hakikisha kila simu ina kichujio chake (kiboksi kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti), ondoa nyaya za ziada zinazozunguka vyumbani, chomeka modemu kwenye tundu la kwanza kabisa laini inapoingia, na ukihitaji urefu refusha kebo ya mtandao, sio waya wa simu. Radi ikianza chomoa.

Faiba ikifika mtaani kwako hama, usiwe na huruma.

## Ruta za 4G na 5G

Ruta yangu inatumia laini ya simu, baa zimejaa ila inasuasua.

Baa achana nazo. Ingia kwenye ruta uangalie RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 nzuri sana, -100 wastani, -110 kwenda chini ni mateso. SINR ni usafi, juu ya 20 safi, karibu na 0 ni kelele tupu. Mtu anaweza kuwa na nguvu ya kutosha ila SINR ya 2 kwa sababu yuko katikati ya minara inayopigana, na huyo akisogeza ruta upande wa pili wa nyumba, ukuta ukakinga mnara mmoja, spidi inaweza kupanda wakati baa zimepungua.

Kwa hiyo zunguka nayo. Dirisha kwa dirisha, kila sehemu iache itulie dakika mbili ndio usome. Paa la bati linazuia, hivyo darini sio pazuri kama watu wanavyodhani. Antena ya nje inasaidia kweli vijijini, lakini iwe ya waya mbili na waya uwe mfupi, mita 15 za waya wa bei rahisi zinakula faida yote. Ukiona namba zote nzuri na bado spidi mbovu jioni tu, mnara umejaa, na antena haiondoi watu mnarani.

## Yanayochanganya

Kila siku saa 2 usiku mpaka saa 5 mtandao unakufa, asubuhi mzima.

Foleni. Faiba nyingi za majumbani ni za kugawana, tawi moja la aina ya GPON lina kama Gbps 2.5 za kushusha na linagawiwa nyumba 32 au 64, hiyo kwa kawaida haisumbui, kinachosumbua ni kampuni kuwa na bomba dogo kutoka mtaani kwenda juu. Huwezi kurekebisha ukiwa nyumbani. Picha zako za skrini kwa kebo, za saa tofauti, ndio silaha. Kabla hujalalamika soma masharti ya matumizi ya haki ya kifurushi chako, kuna "bila kikomo" zinazoshushwa spidi ukifikisha kiasi fulani cha data, na ukiona kuanzia tarehe 20 kila mwezi ndio unazama, umepata jibu.

Mtu mmoja akipandisha video Instagram, Zoom ya wote inaganda. Spidi si ipo?

Spidi ipo, foleni iko ndani ya ruta. Inapanga data nyingi kupita uwezo wa njia ya kupanda, na sauti yako ya Zoom inasubiri nyuma ya video ya mwenzako. Jipime: acha pingi (kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde) inakimbia, anza kupandisha faili kubwa, ikiruka kutoka 20 kwenda 600 ndio ugonjwa huo. Dawa ni ruta yenye SQM, yaani mfumo wa kusimamia foleni hiyo, unaweka ukomo kama asilimia 85 au 90 ya spidi yako halisi. Unapoteza kidogo unapata utulivu mkubwa. Kwa laini ndogo hii inasaidia kuliko kupandisha kifurushi.

Nikibadilisha DNS kuwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8 spidi inaongezeka?

Hapana. DNS ni kama kitabu cha simu cha kutafutia anwani za tovuti tu. Kurasa zinaweza kuanza kufunguka mapema kidogo kama DNS ya kampuni yako ni goigoi, ila kushusha ni kule kule. Zile programu za "ongeza spidi ya waifai" kwenye simu futa, zinaongeza matangazo tu.

Nacheza gemu, pingi 150 na faiba ninayo. Nifanyeje?

Chagua seva iliyo karibu zaidi. Mwanga ndani ya kioo unakula kama milisekunde 10 kwa kila kilomita 1000 kwenda na kurudi, na njia ya baharini kutoka Dar mpaka Ulaya inapita maelfu mengi ya kilomita. Unaloweza kuondoa ni zile za ndani, tumia kebo badala ya waifai.

Mei 2024 nchi nzima ililala, ruta yangu ilihusika?

Hapana. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, Tanzania, Kenya na Uganda tukaumia, tena miezi michache baada ya kebo kukatika Bahari ya Shamu. Siku kama hiyo usiguse mipangilio yoyote, watu walifuta ruta zao kabisa wakaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Starlink je?

Ni intaneti ya setilaiti, inauzwa Rwanda na Kenya tangu 2023. Kijijini ambako hakuna faiba wala mnara wa maana ni mkombozi, mjini penye faiba nzuri faiba inashinda. Jijini Nairobi mwishoni mwa 2024 walisitisha kwa muda kupokea wateja wapya kwa sababu nafasi zilijaa, kwa hiyo anga nayo ina foleni. Kagua kwanza kama nchi yako imeruhusu.

Umeme ukikatika intaneti inaondoka hata kama nina betri ya simu. Kuna njia?

Nunua UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba), inatoa volti 12 moja kwa moja. Soma chini ya ruta na chini ya kifaa cha faiba, volti lazima zilingane na ampea zitosheleze vyote viwili. Inabeba saa kadhaa. Kama mtaa mzima umezimika na LOS imewaka, shida iko kwenye vifaa vya kampuni.

Nimefanya yote, huduma kwa wateja wananizungusha. Niende wapi?

Andika, usipige simu tu. Barua pepe moja yenye namba ya akaunti, tarehe, picha za vipimo kwa kebo, na dBm au SINR, halafu dai namba ya tiketi. Kila ukifuatilia taja tiketi ile ile, ukikubali wafungue mpya unaanza upya foleni. Wasipokujibu, Tanzania peleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na wote watakuuliza kwanza kama ulianza kwa kampuni, ndio ile namba ya tiketi inapofanya kazi.

Ukifikiria kuhama kampuni, usiulize mtandaoni ipi nzuri. Gonga kwa jirani wa nyumba ya tatu anayetumia hiyo nyingine, muombe apime saa 3 usiku akiwa kwenye kebo.